Zamu za kwenye simu: mwongozo kwa muuguzi anayejiajiri Marekani

Katika makundi ya WhatsApp ya Wakenya, Watanzania na Wakongomani walioko Marekani kuna tangazo ambalo halichoki kuzunguka: pakua programu, pandisha leseni yako, chagua zamu unayoitaka, ulipwe leo leo. LVN wa Dallas (muuguzi ambaye majimbo mengi humwita LPN) anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafungua simu, anaona makao matatu ya wazee yanatafuta mtu wa saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Anabonyeza moja, anavaa sare, anaondoka. Hana wa kumwomba ruhusa, wala hakuna ratiba iliyobandikwa ukutani ikiwa na jina lake Jumapili ya Pasaka. Kwa mtu aliyebeba maboksi miaka kadhaa chini ya msimamizi mkali, huo ni uhuru wa kweli na sitaubeza.

Ila ile bei inayong'aa kwenye kioo cha simu usiiite mshahara. Unauza huduma kama mwenye duka, na ndani ya bei hiyo umo mzigo ambao mwajiri angekubebea bila wewe kuuona. Wengi wanaugundua mwezi wa nne, mbele ya mtu anayewajazia fomu za kodi. Ninayoyaandika hapa ni kwa CNA (wasaidizi wa wauguzi), LPN na RN (wauguzi wenye leseni) wanaotaka kuzifanya zamu hizi macho yakiwa wazi.

Nitaanza na wasiopaswa kuzigusa kabisa. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 asiye na kibali cha kazi na mfanyakazi wa H-1B hawaruhusiwi. Kuna maneno ya mitaani kwamba 1099, fomu ya malipo ya aliyejiajiri, haina shida, kwa kuwa hakuna mwajiri anayejaza fomu ya I-9 kuthibitisha karatasi zako. Sheria ya uhamiaji inaangalia kazi iliyofanyika, haiangalii jina la fomu, na siku ya kuomba green card kazi hiyo itasomeka kwenye rekodi zako za kodi. Raia, mwenye green card na mwenye kibali halali cha kazi wako salama. Muuguzi aliyeletwa na hospitali kwa njia ya viza ya ajira ya EB-3 ana green card yake, lakini asome mkataba alioutia saini kabla ya kupanda ndege. Mingi inamfunga kwa miaka au idadi ya saa, na fidia imeandikwa humo kwa dola. Hospitali iliyokudhamini ilikuleta uifanyie kazi yenyewe. Ukianza kuikwepa miezi michache baada ya kutua, tatizo lako litakuwa kubwa kuliko ratiba.

Piga hesabu ya zamu moja

Chukua LPN wawili. Wa kwanza ameajiriwa kwa dola 30 kwa saa. Kodi zinakatwa kabla hela haijafika benki, na mwanzoni mwa mwaka unaofuata anapata fomu ya W-2. Wa pili anachukua zamu kwenye programu kwa dola 36 kwa saa, na anachopata ni fomu ya 1099-NEC. Viwango hivi nimevichagua kwa ajili ya hesabu tu. Wewe weka vya mji wako.

Kwa zamu ya saa 8, wa kwanza anapata dola 240, wa pili 288. Dola 48 za ziada kwa siku moja, nani asingezitaka? Sasa toa michango ya Social Security na Medicare. Mwajiriwa anakatwa asilimia 7.65, na mwajiri wake analipa 7.65 nyingine kimya kimya. Aliyejiajiri analipa pande zote mbili, yaani asilimia 15.3, ikipigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida yake. Mwajiriwa anabaki na dola 221.64. Aliyejiajiri anabaki na dola 247.31. Zile 48 zimekuwa 25 na senti 67, na bado hatujafika kwenye kodi ya mapato, bima ya afya, likizo, wala siku utakayoamka na homa ukashindwa kwenda.

Kwa zamu 20 za mwezi, tofauti hiyo ni kama dola 513. Kama mumeo au mkeo ana bima ya kazini inayowafunika wote, hizo ni zako na kila la heri. Kama bima ya familia itabidi uinunue mwenyewe kwenye soko la serikali, huenda ikazimeza zote na kudai zaidi. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama dola 36 ni nzuri, namrudishia swali: bima ya afya ya nyumba yenu inatoka wapi?

Halafu kuna ovataimu, na hapa ndipo watu wetu wanapopoteza hela nyingi kwa sababu sisi ni watu wa saa nyingi. Kuna ada za shule huko nyumbani, kuna nyumba inayojengwa Kitengela au Bunju, na wiki ya saa 60 inaonekana ya kawaida. Sheria ya kazi ya mwaka 1938 inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 katika wiki. (Hospitali na makao ya wazee yanaweza kutumia hesabu nyingine ya siku 14, inayoanza kulipa baada ya saa 8 kwa siku au 80 kwa siku hizo.) Kinga hiyo haimgusi aliyejiajiri. Mrudie yule mwajiriwa wa dola 30 akifanya saa 60 mahali pamoja: saa 40 zinampa dola 1,200, saa 20 za dola 45 zinampa 900, jumla 2,100. Mwenzake wa programu: saa 60 mara dola 36, jumla 2,160. Toa michango ile ile. Mwajiriwa anabaki na dola 1,939.35, wa programu 1,854.80. Aliyekuwa na bei kubwa ameachwa nyuma dola 84.55 kwa wiki moja, mgongo ukiwa umechoka sawasawa. Tena kwa miaka ya 2025 hadi 2028 mwajiriwa ameruhusiwa kuondoa sehemu ya malipo yake ya ovataimu kwenye kodi ya mapato, hadi dola 12,500 kwa mtu mmoja. Asiye na ovataimu hana cha kuondoa.

Niwe mkweli kwa upande wa pili. Aliyejiajiri anaruhusiwa kuondoa nusu ya ile asilimia 15.3 anapopiga hesabu ya kodi ya mapato, na kuna punguzo jingine linalofika asilimia 20 ya faida ya biashara, ambalo wauguzi wengi wa kipato cha kawaida wanalipata. Gharama halisi za kazi nazo zinatoka. Kwa hiyo pengo linapungua. Lakini ushauri wangu haubadiliki: kama unafanya zaidi ya saa 40 kwa wiki, saa zako za ziada ziuze kwa mwajiri anayekulipa ovataimu, na programu iwe ya wiki unazotaka kufanya kidogo. Wengi wetu tunafanya kinyume chake.

Je, kweli umejiajiri?

Kuitwa hivyo kwenye mkataba hakukufanyi kuwa hivyo. Mahakama zinauliza nani anapanga bei, nani anapanga saa, nani anakuadhibu ukichelewa, na kama una nafasi yoyote ya kupata faida au hasara kwa akili yako ya biashara. Januari 2022 mahakama ya shirikisho mjini Norfolk, Virginia, iliamua kwamba wauguzi zaidi ya 1,100 waliokuwa wakipelekwa kwenye vituo na kampuni moja ya wakala walikuwa waajiriwa tangu mwanzo, na kwamba walinyimwa ovataimu yao. Kampuni ikaamriwa kulipa mamilioni ya dola. California iko kali zaidi: sheria yake iliyoanza 2020 iliwaacha madaktari nje ya kipimo kigumu cha kujiajiri, lakini wauguzi haikuwaacha.

Kwa hiyo unapojisajili, uliza swali moja kwa maandishi: hii ni W-2 au 1099? Baadhi ya programu zinazofanana kabisa machoni zinakuweka kwenye W-2, zinakata kodi na kulipa ovataimu, huku bado zikikuachia kuchagua zamu. Kati ya hizo mbili, kwa bei zinazokaribiana, chukua ya W-2 bila kufikiri mara mbili. Na kama ni familia iliyokuita umtunze bibi yao nyumbani kwa saa wanazopanga wao na kwa namna wanayotaka wao, mara nyingi sheria inakuona mfanyakazi wa nyumbani, hata wakikukabidhi 1099 kwa tabasamu.

Karatasi

Leseni kwanza. RN na LPN wanaoishi katika jimbo lililomo kwenye mapatano ya leseni, yaani NLC, wanaweza kufanya kazi katika majimbo mengine karibu 40 kwa leseni moja. Texas imo, Georgia imo, Maryland imo, na Washington iliingia 2023. Minnesota, yenye Wakenya tele, haimo. California na New York pia hazimo. Leseni hiyo hufuata makazi yako. Ukihama kutoka jimbo moja la mapatano kwenda jingine una siku 60 za kuomba leseni ya jimbo jipya. CNA hayumo kwenye mapatano haya. Yeye huhamisha jina lake kutoka daftari la jimbo moja hadi la jingine. Ajihadhari pia na pengo la miezi 24: akikaa muda huo wote bila kazi ya uuguzi ya kulipwa, jina lake linaondoka na itabidi apimwe upya, na huenda afunzwe upya pia. CNA wa 1099 ndiye anayeumia zaidi hapo, maana hana ofisi ya mwajiri itakayothibitisha kwamba alifanya kazi. Weka ushahidi wa zamu zako.

Kisha TB, ambayo inatuhusu sisi kuliko wengine. Wengi wetu tulichanjwa BCG tukiwa wachanga na kovu lipo mkononi. Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ukaandikiwa kwamba una maambukizi, ukapelekwa eksirei, na zamu zako zikasimama wiki nzima. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo. Hakichanganywi na BCG, na jibu lake utalitumia kwenye kila programu utakayojisajili.

Mengine ni ya kawaida: cheti cha huduma ya msingi ya kuokoa maisha (BLS) kinachoisha kila baada ya miaka miwili, chanjo ya homa ya ini B, kipimo cha barakoa ya N95, uchunguzi wa alama za vidole. Piga picha zote, ziweke kwenye folda moja, na andika kwenye kalenda tarehe ya kila moja kuisha, mwezi mmoja kabla. Programu haikuonyi kwa upole. Cheti kikiisha usiku wa manane, zamu yako ya asubuhi inatoweka.

Kodi isiyokatwa

Hakuna anayekukatia, kwa hiyo jikatie. Fungua akaunti ya pili benki, na kila malipo yakiingia hamishia humo asilimia 25 hadi 30 kabla hujatuma hata senti nyumbani. Ugumu wa jambo hili hauko kwenye hesabu. Uko kwenye simu ya usiku kutoka kwa binamu anayejua kwamba unalipwa kila siku. Ukishamwambia ndugu yeyote kwamba hela yako inaingia siku hiyo hiyo, umepoteza kisingizio cha mwisho wa mwezi. Mimi singemwambia.

IRS, idara ya kodi ya Marekani, inataka malipo mara nne kwa mwaka: tarehe 15 ya Aprili, Juni, Septemba, na Januari ya mwaka unaofuata. Unaweza kulipa moja kwa moja kwenye tovuti yake bila ada. Ukiwa umelipa angalau asilimia 90 ya kodi ya mwaka huu, au asilimia 100 ya kodi uliyodaiwa mwaka uliopita, hupigwi faini ya kuchelewa. Wenye kipato kinachozidi dola 150,000 kwao ni asilimia 110. Njia ya mwaka uliopita ndiyo rahisi kwa anayeanza, kwa sababu namba unaijua tayari: igawe kwa nne, ulipe, ulale. Wajibu wa kutangaza kipato unaanza faida ikifika dola 400 kwa mwaka, fomu ya 1099 ije isije.

Gharama unazoruhusiwa kuondoa ni zile za kazi kweli: sare za uuguzi, stetoskopu, ada ya leseni, bima ya taaluma, masomo ya kuhuisha leseni, sehemu ya simu inayotumika kikazi, hata ile ada ndogo wanayokukata ukitaka kulipwa papo hapo. Petroli ndiyo inayoleta ugomvi. Safari ya kutoka kituo kimoja kwenda kingine siku hiyo hiyo inahesabika, na kwa mwaka 2025 kila maili ilikuwa senti 70. Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini kwa kawaida haihesabiki, ingawa kuna mazingira ambamo kituo cha muda kinakubalika. Andika maili zote kwa tarehe na jina la kituo, halafu mwachie mtaalamu aamue. Na mtaalamu huyo, hata kama mnasali naye kanisa moja au msikiti mmoja, lazima atie saini yake na namba yake ya mtayarishaji kodi (PTIN) kwenye fomu aliyokujazia kwa malipo. Akikuambia saini peke yako kana kwamba umejijazia mwenyewe, chukua karatasi zako uondoke.

Kuna mtego ambao wahasibu wa mtaani hawausemi. Ukiongeza gharama mpaka faida yako ionekane ndogo, kodi inapungua kweli. Lakini siku utakapotaka kumleta mama yako, fomu ya udhamini ya I-864 inaangalia kipato kilichobaki kwenye ripoti yako ya kodi, na kinatakiwa kifike asilimia 125 ya mstari wa umaskini kwa idadi ya watu wa nyumba yako. Benki nayo, ukienda kuomba mkopo wa nyumba, kwa kawaida inataka ripoti za miaka miwili ya kujiajiri na inasoma mstari ule ule. Umeingiza dola 70,000, umeandika faida 24,000, na sasa unabisha mlango ambao umeufunga mwenyewe. Amua mapema mwaka huu unataka nini.

Bima ya jina lako na ya mwili wako

Nunua bima ya taaluma kwa jina lako hata kama programu inasema inayo yake. Ya kwao inawalinda wao kwanza. Kiwango kilichozoeleka kwa wauguzi ni dola milioni 1 kwa dai moja na milioni 6 kwa jumla. Ukiulizwa, chagua ile inayofunika tukio lililotokea wakati bima ikiwa hai, hata dai lije miaka mitatu baadaye. Hakikisha pia inalipa wakili wa kukutetea mbele ya bodi ya uuguzi. Kesi za mahakamani ni chache; barua za bodi ndizo zinazokuja. Sema wazi kwenye maombi kwamba umejiajiri, maana bei ya mwajiriwa ni ndogo zaidi na ukijificha humo wanaweza kukataa dai.

Mwili wako ni jambo zito zaidi. Mwajiriwa akichomwa na sindano iliyotumika, au akiteguka mgongo akimgeuza mgonjwa wa kilo 120, kwa kawaida fidia ya kazini inalipa matibabu na sehemu ya mshahara. Wewe huna fidia hiyo. Baadhi ya programu zina bima ya ajali kazini, lakini si kitu kile kile, na viwango vyake vimeandikwa kwa herufi ndogo unazopaswa kuzisoma kabla ya zamu ya kwanza. Jua mapema utakwenda wapi ukichomwa sindano. Dawa za kinga ya VVU huanza ndani ya saa 72, na kila saa unayosubiri inapunguza nguvu zake. Zinaendelea kwa siku 28. Osha kidonda, mjulishe msimamizi wa jengo, hakikisha taarifa imeandikwa na nakala unayo, halafu nenda hospitali usiku huo huo. Usingoje asubuhi kuipigia simu programu ambayo huenda haina mtu wa kupokea.

Usiku wa kwanza kwenye jengo usilolijua

Fika nusu saa kabla. Hulipwi nusu saa hiyo, ndiyo, lakini ndiyo inayolinda leseni yako. Unahitaji namba za siri za milango, jina lako la kuingilia kwenye kompyuta, namba ya daktari wa zamu, mahali kilipo kigari cha dharura, na jina la msimamizi wa usiku. Kama jina lako la kompyuta halijatengenezwa, usikubali la mwenzako, hata la yule anayekuambia kwa huruma kwamba kila mtu anafanya hivyo. Kila kidonge utakachotoa kitaandikwa kwamba amekitoa yeye.

Halafu funguo. Katika makao ya wazee, anayeondoka amechoka na anataka kukurushia funguo akiwa tayari ameshavaa koti. Zikatae mpaka mmehesabu pamoja droo ya dawa zinazodhibitiwa. Mmoja anasoma daftari, mwingine anashika kadi za vidonge. Igeuze kila kadi uangalie mgongo wake. Ukiona kijitundu kimezibwa kwa gundi ya karatasi, huenda kidonge kilichomo si kile kilichoandikwa mbele. Chupa ya mofini ya maji iinue kwenye mwanga usome usawa wake, usikubali namba ya daftari peke yake. Hesabu isipolingana, msimamizi aitwe kabla yule mwenzako hajatoka mlangoni. Ukishatia saini, upungufu wote ni wako, na wewe ndiye mgeni ambaye hakuna anayemjua. Katika uchunguzi wa dawa zilizopotea, mgeni huwa wa kwanza kutajwa.

Kwenye ripoti usiridhike na "wote wako sawa." Uliza nani anafufuliwa moyo ukisimama na nani ameandika asifufuliwe, na karatasi hiyo iko wapi. Uliza nani anachomwa insulini kabla ya chakula, nani ameanguka wiki hii, nani anakunywa maji yaliyofanywa mazito. Hili la mwisho wageni hulisahau, na mtu anapaliwa kwa glasi moja ya maji aliyopewa kwa wema. Wazee wengi hawavai mkanda wa jina mkononi. Picha iliyo kwenye chati inaweza kuwa ya miaka mitano iliyopita, wakati mzee alikuwa na nywele na meno yake. Mwombe CNA wa jengo hilo akuonyeshe nani ni nani. Yeye anawajua kuliko kompyuta. Mara nyingi atakuwa dada yetu wa Eldoret au kaka wa Bukavu, na Kiswahili kitawatoka wenyewe. Ongeeni koridoni. Mbele ya mzee rudini kwenye lugha anayoisikia, kwa sababu ni adabu, na pia kwa sababu malalamiko ya namna hiyo yanapelekwa kwenye programu haraka kuliko sifa.

Kabla hujapokea ripoti na funguo, una nafasi ya kusema hapana: wagonjwa ni wengi mno, kitengo ni cha vipumulio na hukufunzwa, hakuna CNA hata mmoja. Sema kwa utulivu, mwandikie msimamizi ujumbe, ondoka. Utapoteza alama kwenye programu. Ukishapokea, mlango huo umefungwa. Bodi nyingi za uuguzi zinaita kuondoka bila kukabidhi kutelekeza wagonjwa, na hilo linagusa leseni. Wa zamu inayofuata asipotokea saa moja asubuhi, wewe unabaki na unampigia simu mkurugenzi wa uuguzi, si programu peke yake, na unaandika saa ya kila simu uliyopiga.

Kuchagua zamu

Bei inapanda kadiri saa ya zamu inavyokaribia na kiti kikiwa bado kitupu. Wapo wanaocheza na hilo, wanangoja hadi dakika za mwisho. Ukiwa na majengo manne au matano unayoyajua vizuri, mchezo huo unalipa. Kwenye jengo usilolijua, bei iliyopanda ghafla mara nyingi ina sababu ambayo wenyeji wanaijua. Soma kanuni za kufuta. Linganisha vitu viwili: kituo kikikufuta saa mbili kabla kinakulipa nini, na wewe ukijifuta saa mbili kabla unapoteza nini. Pengo likiwa kubwa, unajua uhuru huo ni wa nani.

Usiweke riziki yote kwenye programu moja. Akaunti inaweza kufungwa kwa malalamiko ya kituo kimoja kabla hujasikilizwa. Mpango ninaoupenda ni huu: kazi moja ndogo ya W-2, hata ya PRN (ya kuitwa inapohitajika) ya zamu chache kwa mwezi, mahali ambapo wanakujua na watakuandikia barua ya sifa, na programu mbili za kujazia. Ile ndogo inakupa mafunzo ya kila mwaka bure, inakuweka karibu na ovataimu ukiitaka, na RN mpya asiyefikisha mwaka wa uzoefu aifanye kuwa kubwa kabisa. Muuguzi aliyemaliza shule juzi hana la kufanya peke yake usiku kwenye jengo la watu 60 asiowajua. Programu nyingine zinamruhusu. Mimi ningemkataza.

Kabla ya kuondoka asubuhi, saa zako zitiwe saini na msimamizi wa jengo, jina likiwa limeandikwa kwa herufi zinazosomeka. Piga picha. Mapumziko ya nusu saa ambayo hukuyapata yaandikwe hapo hapo kwamba hukuyapata, maana wiki ijayo programu itayakata yenyewe, na msimamizi wa usiku ule, ambaye naye ni wa wakala, atakuwa anafanya kazi mji mwingine.